Maji Yakikimbia Nje

Umeme wa mtaa wa Kapata ulikuwa na saa zake, na saa hizo hazikumwuliza mtu kama amelala vya kutosha. Siku nyingi ulirudi saa kumi na moja alfajiri na kuondoka tena kabla ya saa mbili. Kwa hiyo, kwenye barabara ya nyumba kumi na nne ambako Abigaëlle aliishi na wazazi wake, kazi yote ya maji ilifanywa katika saa hizo, wakati macho ya watu bado ni mazito.

Kisima kilikuwa katika ua wa Mama Henriette, mjane wa miaka sitini na kitu. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya madini zamani, wakati kampuni bado inawajengea watu wake nyumba na kuzipaka rangi. Sasa rangi ilikuwa imebanduka, na mabomba ya zamani hayakutoa hata tone. Kilichobaki ni kisima, na kando ya kisima pampu ndogo ya umeme iliyovuta maji na kuyapandisha kwenye tangi jeusi juu ya nguzo za matofali. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kuisimamia. Mwenye zamu aliwasha pampu, akangoja tangi lijae, akaizima, kisha akafungua bomba la chini na majirani wakajaza bidoni zao, yale madumu ya plastiki.

Abigaëlle alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma darasa la nane. Kila asubuhi alisimama kwenye mstari na bidoni mbili za njano, akarudi nyumbani ameinamia upande mmoja, akafagia, akanawa uso, akatembea nusu saa hadi shuleni kando ya barabara ya malori. Mama yake, Mama Simone, alikuwa tayari jikoni akikaanga maandazi ya kuuza. Baba yake alichimba mawe ya shaba mbali na mji na alirudi Jumamosi tu, akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Nyumbani kwao watu hawakuzungumza sana asubuhi. Nguvu za kuzungumza ziliwekwa akiba kwa ajili ya kazi.

Pampu hiyo ililetwa mwezi wa saba na Guelord, mtoto wa Mama Henriette, dereva wa lori anayekwenda Zambia na kurudi. Aliiunganisha, akaijaribu, maji yakapanda. Mchana huohuo alitakiwa kuendelea na safari hadi mji wa Dilolo, na lori lilikuwa likimngoja barabarani. Ndani ya sanduku la pampu mlikuwa na karatasi, upande mmoja Kichina, upande wa pili Kiingereza.

"Someni hii karatasi," aliwaambia akina mama. "Kila kitu kimeandikwa." Kisha akaondoka.

Akina mama walitazamana. Hapo Mama Henriette akakumbuka kwamba wiki iliyopita, shule zilipofunga na matokeo kusomwa, Mama Simone aliiambia barabara nzima kuwa binti yake amekuwa wa kwanza kwa Kiingereza.

"Muite ule mutoto wa Simone," alisema. "Yeye eko anajua Kingereza."

Abigaëlle alikuja, mikono bado ina povu la sabuni. Akina mama zaidi ya kumi walimzunguka. Alisoma mistari ya kwanza bila shida: waya huu unganisha hapa, mikono isiwe na maji, watoto wakae mbali. Kila alipomaliza mstari, mtu alisema "Mm," naye mama yake akatabasamu. Ilikuwa nadra kumwona mama yake akitabasamu katikati ya siku ya kazi.

Kisha akafika kwenye mstari wa tano. *If the water runs out, switch off the pump at once.*

Alisimama. Neno la maji alilijua. Neno la kuzima alilikisia. Lakini hilo *run* lilimshangaza. Darasani walifundishwa kuwa maana yake ni kukimbia, na *out* ni nje. Maji hukimbiaje nje? Alihisi kuna kitu hakiko sawa, kama mtu anayekanyaga ngazi gizani na kukosa kidato. Alijua angeweza kusema, mstari huu sijauelewa. Alimtazama mama yake. Mama yake bado alikuwa akitabasamu.

"Inasema, mayi ikikimbia inje, tuzime pampu," alisema.

"Ikikimbia inje namna gani?" aliuliza Mama Fidélie. Huyu alikuwa mama kijana aliyepanga chumba kimoja mwisho wa barabara, yeye na watoto wawili wadogo. Mume wake alikwenda kwenye migodi ya Fungurume kutafuta kazi, na simu zake zilikuwa zimepungua.

"Ni kusema… tangi ikijaa. Mayi ikimwangika inje ya tangi, pale njo tunazima."

"Uko hakika?"

"Ndiyo, mama," alijibu Abigaëlle.

Mstari uliofuata ulikuwa na *run* tena, safari hii pamoja na neno *dry*, na *dry* alijua ni kavu. *Do not run the pump dry.* Aliwaambia kwamba pampu lazima ikae pakavu, isilowane. Akina mama waliona ni maneno ya akili, wakaijengea paa dogo la bati. Paa hilo halikumdhuru mtu. Kilichodhuru ni ule mstari wa tano.

Mwezi wa saba na wa nane mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu kisima kilikuwa bado na maji mengi. Tangi lilijaa, maji yakamwagika pembeni, mwenye zamu akazima. Lakini mwisho wa mwezi wa tisa, baada ya miezi mitano bila mvua, kisima kilishuka. Hakuna aliyechungulia ndani. Wote walitazama juu, kwenye tangi, kama walivyoambiwa.

Siku pampu ilipoungua, zamu ilikuwa ya Mama Fidélie. Aliwasha saa kumi na moja, akaketi kwenye tofali, mtoto mdogo mgongoni. Saa nzima ikapita. Tangi halikumwagika. Pampu ilianza kulia kwa sauti kavu, ya kukwaruza, naye akaiona ajabu, lakini karatasi ilisema zima maji yanapokimbia nje, na nje hapakuwa na hata tone. Aliendelea kungoja. Ghafla akasikia harufu ya kuungua, na moshi mweusi ukatoka chini ya lile paa la bati.

Abigaëlle alikuwa wa nne kwenye mstari. Alimwona Mama Henriette akikimbia kwa goti lake bovu, akichomoa waya, akiigusa pampu na kuurudisha mkono haraka.

"Ulilala," mama mmoja alimwambia Mama Fidélie.

"Sikulala. Nilikuwa naangalia tangi. Nilikuwa nangoja mayi imwangike."

"Saa nzima? Mutu haone, hasikie? Ulilala."

Mama Fidélie alirudia kwamba hakulala. Alisema mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Akina mama walikwisha kuanza kuondoka na bidoni tupu. Abigaëlle naye aliondoka. Njiani alijiambia kuwa pengine ni pampu yenyewe mbovu.

Tata Mukalay, baba mmoja fundi wa mota aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Kapata, aliichukua pampu kwa toroli. Jioni alirudi na habari.

"Nyaya za ndani zimeungua zote," alisema. "Inatengenezeka, lakini ni lazima nisuke upya, na waya mwembamba wa shaba sina. Muone hii maneno. Shaba inapita hapa barabarani kila saa juu ya malori, na mi natafuta waya wa kujaa mukono moja, naukosa."

Basi watu wakarudia pampu ya mkono iliyo parokiani. Kwenda ilikuwa dakika arobaini, kurudi na mzigo ilikuwa karibu saa nzima. Kati yake kulikuwa na mstari mrefu, watu wakiwa wameketi juu ya bidoni zao wakisinzia. Abigaëlle aliamka mapema zaidi na kufika shuleni akiwa na shingo ngumu. Mara mbili alilala juu ya daftari. Mama yake alianza kukaanga maandazi nusu, kwa sababu maji ya kukandia unga hayakutosha, na jioni aliketi mlangoni akijikanda mikono.

Mama Henriette, kwa goti lile, hakuweza kwenda parokiani. Siku ya pili tu Mama Fidélie alianza kumletea maji. Hakuna aliyemwagiza, na hakuna aliyemwambia acha. Alibeba ya kwake, akarudi, akabeba ya Mama Henriette. Alipofika kwenye mstari, maneno yalikatika. Watu walimpa nafasi ya kupita kama wanavyompa nafasi mtu mwenye ugonjwa.

Wiki ya pili ikaingia hivyo.

Mwalimu wa Kiingereza aliitwa Baudouin. Alifundisha asubuhi shule hii na mchana shule nyingine upande wa pili wa mji, na nusu ya somo alifundisha akiwa ameketi. Siku ya Jumanne alitafuta chaki mfukoni, akatafuta kwenye meza, akapata kipande kidogo kama ukucha. Alikitazama, akacheka kidogo, akaandika nacho ubaoni hadi kikaisha: *We have run out of chalk.*

"Nani atuambie maana yake?"

Samy, mvulana aliyeketi karibu na dirisha, alisimama. "Tumekimbia nje ya chaki."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye alicheka, akifuta macho.

"Keti, Samy. Umesoma kila neno vizuri, na bado sentensi imekupita. Maana yake ni kwamba chaki imetuishia. Hatuna tena. Kitenzi hiki kina kazi nyingi, msikifunge kwenye kukimbia tu. Waingereza husema pua ya mtoto inakimbia, maana yake anatokwa na makamasi. Injini inayokimbia ni injini inayofanya kazi. Mama anayekimbiza duka, kwao, ni mama anayeliendesha duka lake. Na mtu ambaye amekutana na rafiki yake njiani bila kutazamia, wao husema amekimbia ndani yake."

Watoto walicheka tena.

"Mnacheka. Haya, ninyi mkisema mama anapiga pasi, nani anaumia?"

"Hakuna," walijibu.

"Na baba akipiga simu, simu inalia kwa uchungu? Tunapiga magoti, tunapiga hodi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, na hatujampiga mtu hata kofi. Mgeni akijifunza neno piga kwa maana moja, atadhani nchi hii ni ya ugomvi. Basi na sisi ni wageni kwenye lugha yao. Neno unalodhani unalijua ndilo la kuulizia."

Abigaëlle hakucheka. Mkono wake uliinuka wenyewe.

"Mwalimu, na kama ni maji? Maji yaki… *runs out*?"

"Maji yamekwisha."

"Siyo kumwagika nje?"

"La. Kinyume chake. Hakuna maji tena."

Aliinuka. "Na pampu? Kama wanasema usiikimbize ikiwa kavu?"

"Usiiendeshe bila maji. Pampu ikivuta hewa badala ya maji, inaungua." Mwalimu alimtazama. "Umesoma wapi maneno hayo?"

"Mahali fulani," alijibu Abigaëlle, akaketi.

Alichosikia baada ya hapo hakukikumbuka. Alikumbuka tu tofali, Mama Fidélie akiwa ameketi juu yake na mtoto mgongoni, akitazama tangi kwa utii kwa sababu mtoto wa Mama Simone alisema ndiyo, mama.

Alikaa na jambo hilo siku mbili. Hakumwambia mtu. Alijiambia atasema baba atakaporudi, kisha akajiambia baba amechoka. Alijiambia atasema pampu itakapopona, maana hapo hasira zitakuwa zimetulia. Jambo baya zaidi ni kwamba hakuna aliyemwuliza. Hakuhitaji kusema uongo wowote mpya. Ilitosha kunyamaza, na kunyamaza ni rahisi kwa mtu mwenye bidoni kichwani.

Ijumaa, akirudi kutoka parokiani, alimkuta Mama Fidélie kando ya barabara. Alikuwa ameketi juu ya bidoni moja, nyingine iko mbele ya miguu yake, na ile ngata ya kitambaa ya kuwekea mzigo kichwani ameishika mkononi. Mtoto alikuwa amelala mgongoni.

"Pita, mutoto yangu," Mama Fidélie alimwambia. "Mi napumuzika kidogo."

Abigaëlle alitua bidoni yake. Hakujua kwa nini alitua.

Mama Fidélie aliongea huku akitazama barabara. "Siku za kwanza nilikuwa nasema, sikulala. Nilikuwa na hakika. Sasa bamama bote banasema nililala. Mutu mumoja akisema, unamukatalia. Bakisema bote, unaanza kujiuliza. Pengine nililala. Mutu akichoka, anaweza kulala macho wazi."

"Hukulala, mama," alisema Abigaëlle.

"Unajua namna gani? Ulikuwa ku mstari."

Abigaëlle alimweleza. Alianza na chaki, akarudi nyuma kwenye karatasi, akamweleza mstari wa tano ulisema nini na yeye alisema nini.

Lori lililopakia mawe lilipita, na wote wawili walifumba macho mpaka vumbi lilipotulia.

"Ile siku nilikuuliza kama uko hakika," alisema Mama Fidélie.

"Ndiyo, mama."

"Na ulisema ndiyo."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa hakika?"

"Hapana."

Mama Fidélie alikaza kitenge kilichombeba mtoto. Hakumpiga, hakumtukana. Ingekuwa afadhali angefanya hivyo. Mwishowe aliinuka polepole, akaweka ngata kichwani.

"Mi siwezi kwenda kubaambia bale bamama," alisema. "Ikitoka mu kinywa yangu, batasema namsingizia mutoto wa mutu. Ni weye mwenyewe utasema. Sasa nisaidie kutwika."

Nyumbani, Abigaëlle alimkuta mama yake akikanda unga. Alimwambia yote, amesimama, bidoni bado iko miguuni. Mama Simone aliacha kukanda. Alifuta mikono, akakaa kwenye kigoda, akaangalia unga kana kwamba ameusahau ni wa nini.

"Ni mimi nilikutangaza barabara nzima," alisema. "Nilitamani sana siku moja mu hii nyumba kuwe mutu wa kujua kitu." Alivuta pumzi. "Lakini huwezi kumuacha ule mama abebe kosa yako. Jumapili tutaenda, weye na mimi."

Jumapili, watu waliporudi kanisani, Mama Simone aliwaita majirani katika ua wa Mama Henriette. Walikuja polepole, bado wamevaa vitenge vizuri, wengine wakidhani ni habari ya fundi. Mama Fidélie alisimama nyuma kabisa, karibu na lango.

Abigaëlle alishika ile karatasi. Alisoma mstari wa tano kwa Kiingereza, akasema alivyoutafsiri mwezi wa saba, kisha akasema maana yake ya kweli: maji yakiisha, zima pampu mara moja.

"Sikujua," alisema. "Nilikuwa na mashaka siku ileile, na niliona haya kusema. Mama Fidélie aliniuliza, na nikasema ndiyo. Hakulala. Alifanya kile nilimuambia. Na nimejua ukweli tangu Jumanne na nimenyamaza. Nisameheni. Mama Fidélie, unisamehe."

Mama mmoja alisonya, mwingine aliangalia chini. Yule aliyekuwa wa kwanza kusema "ulilala" alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Mama Henriette aliinuka kwa shida, akaenda hadi kwenye lango, akamshika Mama Fidélie mkono, akamleta hadi kwenye kiti alichokuwa ameketi yeye.

"Kaa," alimwambia. Kisha akawageukia wengine. "Huyu mutoto amekosa, na amesema. Tusikie na makosa yetu. Tulikuwa bakubwa kumi na zaidi, tukaweka pampu yote mu mikono ya mutoto wa miaka kumi na tatu, na mutu mumoja tu aliuliza mara ya pili. Na kosa ilipotokea, tulimutwika ule mumoja. Nimekunywa mayi yake wiki mbili na sikumuambia hata aksanti. Fidélie, utusamehe."

"Imekwisha, mama," alisema Mama Fidélie. Lakini alilia kidogo, na watu walimwacha alie.

"Sasa," aliendelea Mama Henriette, "hii karatasi isomwe tena yote. Na isisomwe na mutu mumoja."

Jumatatu Abigaëlle alibaki baada ya somo na kumweleza mwalimu wake mahali aliposoma yale maneno. Mwalimu Baudouin hakumkaripia. Jumatano, siku ambayo hakuwa na somo la mchana, alikuja Kapata kwa miguu, akaketi chini ya kivuli cha tangi, akavua viatu. Waliisoma karatasi mstari kwa mstari, Abigaëlle akiandika Kiswahili kwenye daftari, Tata Mukalay akisikiliza. Walipofika karibu na mwisho, mwalimu alisimama kwenye neno moja. Aliliangalia, akalisoma kwa sauti, akalisoma tena.

"Hili silijui," alisema. "Liache wazi. Nina rafiki anayefanya kazi na mafundi wa Zambia. Nitamwuliza."

Abigaëlle aliinua kichwa. Alingoja uso wa mwalimu uonyeshe aibu. Haukuonyesha kitu, isipokuwa uchovu wa kawaida. Mwalimu aliendelea na mstari uliofuata. Kesho yake alileta jibu: kabla ya kuwasha pampu, kwanza mtu aijaze maji kwa mkono kupitia tundu la juu, ili isianze kwa kuvuta hewa.

"Njo hiyo sababu," alisema Tata Mukalay, akipiga goti lake kwa kiganja. "Hata kabla ya ile siku, mulikuwa munaiumiza kila asubuhi."

Waya ulipatikana kwa njia ambayo hakuna aliyeifikiria. Akina mama walipekua nyumba zao na kuleta feni zilizokufa, mota ya friji iliyokuwa inashikilia mlango, na redio kubwa ya kale. Tata Mukalay alizifungua moja baada ya nyingine, akatoa waya uliofaa, akasuka kwa siku tisa, akifanya kazi umeme unapokuwepo na kulala unapoondoka. Malipo yake, alisema, yawe bidoni mbili kila asubuhi kama nyumba nyingine, maana na yeye ana watoto wanaokwenda parokiani.

Siku zote hizo tisa Abigaëlle ndiye aliyebeba maji ya Mama Henriette. Alimwambia Mama Fidélie apumzike, naye hakubisha. Safari ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu, wakati jua limekwisha kupanda na miguu inajua umbali wote uliobaki. Alifika shuleni amechelewa mara tatu, akaadhibiwa mara tatu, na hakumweleza mtu sababu.

Pampu iliporudi, watu walikuja kabla umeme haujarudi. Mama Simone alikuwa na zamu. Alijaza maji kwenye tundu la juu, akashusha kisimani kamba yenye jiwe na mafundo kupima kina, akaita namba ya mafundo yaliyolowa. Kisha akawasha. Pampu ilinguruma, ikakohoa mara moja, maji yakapanda. Tangi halikufika hata nusu wakati kamba ilipoonyesha kuwa kisima kimeshuka, naye akazima palepale. Bidoni moja kwa kila nyumba, siyo mbili. Hakuna aliyelalamika. Mama Henriette alisema bidoni ya kwanza ni ya Mama Fidélie, na watu wakasogea.

Jioni hiyo Mama Fidélie alifika nyumbani kwa Mama Simone na kichupa cha dawa ya kikohozi. Mtoto wake mdogo alikuwa akikohoa, na mtu aliyetoka Zambia alimpa. Mama Fidélie alimnyooshea Abigaëlle kichupa.

"Nisomee."

Abigaëlle alikaa mlangoni, penye mwanga. Alisoma polepole. "Hapa wanasema, tikisa kwanza. Hapa, kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Hapa…" Alikisogeza kichupa karibu na macho. Mama yake, aliyekuwa akiosha masufuria, aliacha kuosha.

"Hapa kuna neno kuhusu watoto wa chini ya miaka miwili," alisema Abigaëlle. "Silijui, mama. Usimpe bado. Nesi wa kituo cha afya atajua, au kesho nitamwuliza mwalimu."

Mama Fidélie alichukua kichupa, akakifunga vizuri, akakiweka ndani ya fundo la kitenge chake.

"Sasa nakuamini," alisema. "Mutu mwenye kusema kila neno analijua, huwezi kujua ni wapi anabahatisha. Weye umenionyesha pale unapoishia, basi na yale mengine umesoma nayashika. Nitapita ku kituo kesho asubuhi."

Aliaga, akaenda. Abigaëlle aliingia ndani kumsaidia mama yake kuosha masufuria, kwa kikombe kimoja cha maji, kwa uangalifu.